Walipotuunganisha na Klabu ya Chini

Nyinyi mlioikuta klabu ikiwa moja mnadhani ilikuwa moja tangu mwanzo. Nawasikia uwanjani mkiliimba jina lake na mimi nacheka peke yangu, maana nusu ya babu zenu wangeliona bora wakae bila mpira kuliko kuimba jina moja na ile nusu ya pili. Hapa Ibra, Omani, tulikuwa na klabu mbili. Ya mtaa wa juu tukiiita Juu na ya mtaa wa chini tukiiita Chini. Zilikuwa na majina yao rasmi, marefu, lakini hayo yalitumika kwenye barua tu. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa Juu, na nataka kuwaeleza siku walipotuunganisha, kwa sababu kila anayeieleza anaeleza habari za wachezaji na makocha, na sisi wa stoo hatutajwi.

Kwanza mjue mtunza vifaa ni nani. Ni mtu wa jezi, soksi, mipira, chokaa, maji na barafu. Ni yeye anayefika uwanjani wa mwanzo na kuondoka wa mwisho. Na kwetu Sharqiyah, mkoa huu wa mashariki, kulikuwa na jambo jengine juu ya hayo: timu ngeni ikija, mtunza vifaa wa wenyeji ndiye anayewapokea kwa kahawa, tende na halua katika chumba chao, kabla hawajavua hata viatu. Anamimina mwenyewe kwa mkono wake. Unaweza kuwafunga wageni mabao mpaka wachoke, hilo halina lawama. Lakini wakiondoka hawakunywa kahawa yako, habari inafika Sur kabla basi lao halijafika.

Kazi alinifundisha Mzee Nasor, Mungu amrehemu, Mzanzibari kama mimi, aliyekuwa na stoo ya Juu kabla yangu. Alikuwa mkali kwa nguo kama wengine walivyo wakali kwa watoto. Jezi igeuze ndani nje kabla ya kuifua. Damu ni maji baridi na chumvi, ukitia maji ya moto umeipika, haitoki tena mpaka kiama. Namba ya mgongoni usiipige pasi usoni, ipige kwa nyuma na kitambaa juu yake. Soksi zianike kwa vidole, si kwa shingo, zisije zikalegea na mchezaji akawa anainama kila mara kuzipandisha na huku anapitwa. Nikikosea hanipigi kelele. Ananiambia tu, "Seif mwanangu, fua tena," na mimi nafua tena.

Alikuwa na desturi yake ya kufukiza udi jezi za mechi kubwa. Anaweka chetezo chini, juu yake kile kitanda cha vijiti cha kufukizia nguo, anatandaza jezi, na chumba chote kinanukia kama chumba cha bibi harusi. Ilikuwa raha wakati jezi zilipokuwa za pamba. Zikaja hizi za nailoni zinazong'aa, na sisi hatukufikiri. Tukatandaza. Kipa wetu siku hiyo aliingia uwanjani ana tundu tumboni, kubwa la kupitisha ngumi, limeyeyuka pembeni na kukauka. Refa akamwita na kumuuliza ameumia wapi. Kuanzia hapo udi tukafukiza begi, na jezi zikaingia ndani ya begi baadaye. Kama mnafanya bado, fanyeni hivyo.

Uwanja nao ulikuwa wa udongo mtupu. Ukipiga mstari wa chokaa kukavu, upepo unauchukua wote unaupeleka kwa majirani, na nimewahi kuona refa akitafuta eneo la penalti kama mtu aliyedondosha pete. Dawa yake ni kumwagia kwanza maji ya falaj, ule mfereji wa mashambani, kidogo kidogo kwa kopo lenye matundu, halafu chokaa juu ya unyevu. Inashika vizuri sana. Siku hizi mna nyasi na mashine, Mungu awazidishie.

Sasa Khalfan. Khalfan alikuwa mtunza vifaa wa Chini. Familia yake imetoka Tabora, yangu Unguja, na sote wawili mpira na Kiswahili ndivyo tulivyokuja navyo, lakini msidhani hilo lilitufanya ndugu. Aliniambia siku ya kwanza, "Ninyi watu wa Unguja mnaongea kama mnaomba radhi." Nikamjibu kwamba wao wa bara wanaongea kama wanaita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Tukaendelea hivyo miaka na miaka. Siku za mechi ya Juu na Chini, atakuja chumbani kwetu kwa kisingizio cha kuomba pampu ya mpira, na pampu anayo. Anasimama mlangoni, macho kwenye jezi zilizotundikwa.

"Seif, hizi umezipiga pasi au umezikalia?"

"Nimezikalia. Lakini mimi nikikaa nakaa sawasawa."

Na mimi baadaye nakwenda kwake, eti nimekosa chumvi ya kusukutulia. Natazama. Nikikuta kola moja imelala vibaya, nashinda wiki nzima nina furaha. Nikikuta zote zimesimama, na mara nyingi zilikuwa zimesimama, narudi nyumbani sina hamu hata ya chai.

Swali lilikuwa moja tu mjini, nani kati yetu ni bora, na halikupata jibu. Watu wa Juu walisema mimi, watu wa Chini walisema yeye, na wote hao hawajui tofauti ya jezi iliyopigwa pasi na jezi iliyonyooshwa kwa mkono.

Ligi ya daraja la pili zamani ilikuwa ya majirani. Sharqiyah tulicheza wenyewe kwa wenyewe, na watu wa Dakhiliyah, huko Nizwa na pande zake, walicheza kwao. Mwisho wa msimu ndipo washindi walipokutana. Safari zilikuwa fupi na wapinzani tulikuwa tunawajua mpaka mama zao. Ilikuwapo klabu moja ndogo kutoka milima ya Dima wa Tayyin, niipendayo kuliko zote baada ya yetu. Walikuja juu ya pikapu, wachezaji na mbuzi wawili pamoja, mbuzi ni zawadi. Uwanja wao ulikuwa ndani ya wadi, bonde la mto mkavu, na kila mvua ikinyesha maji yalichukua magoli, wakateremka kuyatafuta, wakayapandisha, wakachimbia tena. Huko kupiga kona kulitaka kwanza uhamishe mawe.

Basi miaka ya tisini inaishia, wakubwa wakaipanga ligi upya. Klabu za daraja la pili zipunguzwe. Mikoa ichanganywe, mtu wa Ibra acheze na wa Nizwa na wa Sur katika ligi moja. Kila klabu iwe na uwanja wa nyasi, vyumba vya maana na timu ya vijana. Na mji wenye klabu mbili, ziungane au zote mbili zishuke. Sisemi walikosea. Mpira ulikua, wachezaji wetu waliona viwanja ambavyo hawakuwahi kuviota, na nyinyi leo mnakula matunda yake. Lakini wale wa Dima wa Tayyin wangetoa wapi nyasi ndani ya wadi? Waliandikiwa barua, wakaisoma, wakacheza na sisi mechi ya kirafiki ya mwisho, wakatuletea mbuzi wao kama kawaida, wakarudi mlimani. Klabu yao haikuwapo tena. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Sisi tukaungana. Jina jipya, rangi mbili katika jezi moja, na uwanja ukawa ule wa Chini kwa kuwa ndio uliopandwa nyasi. Makocha wawili walitafutiwa namna, mmoja wa wakubwa, mmoja wa vijana. Wachezaji walichujwa. Mwisho ikafikia stoo. Mwenyekiti wa kamati mpya, Sheikh Hamed, alituita mimi na Khalfan ofisini, akatukalisha viti viwili vinavyotazamana.

"Jamaa, nyote mmetumikia, Allah yibarik fikum. Lakini bajeti ina mtunza vifaa mmoja, basi. Tuvumilieni mpaka mechi ya kwanza ya nyumbani ipite, baada yake tutaamua. Inshallah kheri."

 Riziki yangu haikuwa klabuni. Asubuhi niliendesha basi la skuli, na Khalfan alikuwa na kazi yake ya ulinzi. Klabu ilitupa kitu kidogo tu cha kushukuru. Lakini wanangu, mimi nje ya stoo ile nilikuwa dereva kama madereva wengine. Ndani yake nilikuwa Seif. Nilikitaka kile cheo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilijua Khalfan naye anakitaka vivyo hivyo, kwa sababu zile zile.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa na watu wa Sur. Tuligawana kazi: mimi nije na wachezaji wa mtaa wa juu ndani ya basi pamoja na jezi, Khalfan aangalie uwanja, vyumba na kahawa ya wageni. Kila mmoja alitaka kamati imwone. Nilipiga pasi jezi zile mpaka zikawa kama karatasi.

Tukafika uwanja wa Chini. Sasa angalieni mazoea yanavyomfanya mtu. Miaka yote tulipoingia uwanja ule tuliingia kwa mlango wa kushoto, chumba cha wageni, kwa sababu pale sisi tulikuwa wageni. Nikateremka na begi langu, nikashika kushoto. Wachezaji nyuma yangu wakashika kushoto.  Tukaingia, nikatundika jezi, wakakaa katika viti vyao vile vile vya siku zote.

Khalfan alikuwa upande wa nyuma akichemsha kahawa. Akasikia vishindo vya viatu katika chumba cha wageni, na yeye naye, miaka yote akisikia vishindo vile anajua la kufanya. Akaja na dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na nyuma yake kijana mwenye sinia ya halua na tende. "Hayyakum Allah," akatukaribisha, akaanza kumimina kutoka kulia. Vijana wakapokea. Wakala halua. Nahodha akasema, "Leo imekolea zafarani, mashallah." Akafika kwangu, akanimiminia, nikanywa, akanimiminia tena, nikanywa, nikatikisa finjani kumwonesha kwamba basi, imetosha. Ndipo tukatazamana.

"Seif," akasema polepole, "unafanya nini katika chumba cha wageni?"

"Na wewe mbona unanipa kahawa?"

Tukageuka kutazama sinia. Ilikuwa imebaki pembe moja ya halua na mtu anaifuata kwa kidole. Na hapo hapo, nje, basi la Sur likapiga honi.

Nimepata hofu mbalimbali maishani lakini ile sijaipata tena. Wageni mlangoni, chumba chao kimejaa wenyeji, halua yao iko matumboni mwetu, na Sheikh Hamed amesimama karibu na basi akiwapa mikono akiwaambia karibuni, karibuni, kahawa tayari. Ilikuwa siku ya Ijumaa, maduka yamefungwa. Khalfan alinishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya hapo.

"Wewe wahamishe hawa. Mimi nakwenda nyumbani."

Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa uwanja. Nikawafukuza wachezaji kwenda chumba cha wenyeji, mlango wa kulia, wengine mguu mmoja una soksi na mmoja hauna. Nikafagia makokwa ya tende kwa kanzu yangu, wallahi, kwa kanzu. Watu wa Sur wakaingia, nikawakaribisha, nikawauliza habari za safari, nikauliza habari za wazee wao, nikauliza habari za mvua. Nilikuwa nimebakisha kuuliza habari za samaki alipoingia Khalfan na sinia kubwa kichwani, na nyuma yake mkewe, Bi Moza, amesimama mlangoni na nyingine. Mandazi ya iliki, ya moto, na mbaazi za nazi. Ndicho chakula chao cha Ijumaa, walikuwa wanasubiri jamaa zao.

Sheikh Hamed akaiangalia sinia, akaniangalia mimi, akamwangalia Khalfan. Mbaazi badala ya halua! Uso wake ulisema hivyo.

Mtunza vifaa wa Sur, mzee mnene mcheshi, akachukua andazi, akalichovya, akafumba macho. Kisha akasema kwa Kiswahili, na miaka yote hatukujua kama anakijua, "Mama yangu alikuwa akitupikia hivi. Nani amepika?"

"Mke wangu," akasema Khalfan.

"Mwambie tukirudi msimu ujao, halua muwape wengine."

Khalfan akamimina kahawa, mimi nikapitisha sinia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tulifanya kazi pamoja, na niliona vitu ambavyo nikiwa mlangoni sikuviona. Hamwagi hata tone. Anajua nani amemaliza bila ya kumtazama. Nikajisemea moyoni, huyu mtu anajua kazi. Niliona raha na niliona uchungu, vyote pamoja, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kuwa mmoja wetu anaondoka.

Mechi tulitoka sare. Kamati ilikaa wiki ile ile. Nilingoja nje na Khalfan, bega kwa bega kwenye ukuta. Nilikuwa tayari kusikia kwamba jezi zangu zilikuwa nzuri, au kwamba mapokezi yake yalituokoa, au kwamba sote wawili tuliwaaibisha. Nilitaka mtu aseme. Sheikh Hamed akatoka.

"Seif ana leseni ya basi kubwa. Safari za Nizwa na Sur ni nyingi sasa, hatuwezi kuajiri dereva na mtunza vifaa. Samahani, Khalfan, ya akhi. Umetuelewa?"

"Nimeelewa, bosi," akasema Khalfan.

Leseni. Miaka yote ile ya kola na pasi na chumvi, ikaamuliwa na leseni. Nimeshinda na sikushindana. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu nimepata, akapiga kigelegele, na mimi nikaenda kulala.

Khalfan alikuja kunikabidhi wachezaji wake. Hakuna aliyemlazimisha. Alikaa juu ya begi la mipira akanieleza mmoja mmoja. Huyu anaumwa goti la kushoto na hasemi, wewe mtazame anavyoshuka ngazi. Huyu ukimpa bukta mpya kabla ya mechi kubwa atacheza vibaya, mpe aliyoizoea. Yule mrefu mama yake amefariki mwaka huu, siku akinyamaza mwache. Vitu hivyo ndivyo alivyonificha miaka yote, kama nilivyomficha vyangu. Alipomaliza akapangusa mikono yake, ingawa haikuwa na vumbi, akatoka. Baadaye nikasikia amepata kazi kambi ya watalii huko Al Mintirib, jangwani, anasimamia mahema na mashuka.

Nikaendelea na msimu, stoo yote yangu, nyasi, mashine ya kufulia, rafu za chuma. Na kazi ikanichosha, mimi ambaye haikuwahi kunichosha. Sikujua ni nini. Napiga pasi, natundika, nasimama mlangoni natazama, na sijui kama ni nzuri. Kocha anapita, anasema nzuri. Daktari anasema nzuri. Sheikh Hamed anasema kama hoteli. Walikuwa watu wema wote, lakini wangeliniambia vivyo hivyo hata ningelizikalia kweli. Hakuna tena wa kuja kuomba pampu. Nikafahamu polepole kwamba tangu nilipoanza nilikuwa nampigia pasi mtu mmoja, na huyo mtu nimemtoa mimi. Kwa leseni, lakini nimemtoa mimi.

Na hilo si la stoo peke yake. Waulizeni wachezaji wa wakati ule. Walipocheza na Nizwa walicheza vizuri, lakini hakuna aliyepoteza usingizi kwa ajili ya Nizwa. Walikuwa na hamu ya Chini, na Chini ndio sasa sisi wenyewe.

Msimu ukafika katikati. Mechi ya nyumbani, mchana, jezi zimetundikwa, wachezaji wanafunga viatu. Nikasikia mtu anasalimu mlangoni. Khalfan, kanzu nyeupe, kofia mpya, ngozi imekuwa nyeusi kwa jua la mchanga. Kocha akamsalimia, wale vijana wa Chini wakamrukia. Akawatuliza. Akaweka mikono nyuma, akaanza kupita mbele ya jezi moja baada ya moja, kama daktari anavyopita wodini.  Nikamfuata nyuma nyuma, mtu mzima mimi mwenye wajukuu.

Akasimama kwenye jezi ya beki wa kushoto.

"Hii umeipiga pasi ukiwa na hasira."

"Ipi?"

"Hii. Tazama bega. Umebonyeza mahali pa kupitisha. Umegombana na nani leo?"

Nilikuwa nimegombana na mkwe wangu asubuhi ile, na sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Nikaitoa jezi kwenye kiango, nikawasha pasi, nikampa. Akakunja mikono ya kanzu. Akaipiga kwa nyuma, na kitambaa juu, bila ya haraka, na mimi nikasimama karibu yake natazama. Alipoitundika, bega lilikaa.

Nikamwambia, mbele ya wachezaji wote, Juu na Chini, "Khalfan, wewe ni bora kuliko mimi."

"Najua," akasema, akaenda kukaa jukwaani.